Katibu Aliyesafiri kwa Jina la Bibi

Hata mkewe alimwita Katibu. Nimewahi kumsikia kwa masikio yangu mwenyewe akimwambia mbele ya wageni, "Katibu, kunywa uji, utapoa," naye akaitika "Naam" kwa sauti ya mkutanoni. Basi nami nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizwe ndugu zake. Ninayoyajua mimi ni ya miaka ile ya vijiji vya ujamaa, alipokuwa katibu wa tawi katika kijiji chetu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Tarime mjini, nami nikiwa msichana wa shule ya msingi niliyeona mengi na kusahau machache.

Mfukoni mwa shati alichomeka peni mbili. Moja iliandika. Ile nyingine haikuwa na wino tangu siku ya kwanza, iliwekwa pale ili iangaliwe. Mkutanoni alikuja na redio, akaiweka mezani ikiwa imezimwa, kwa sababu betri zilikuwa adimu, na aliona redio iliyozimwa inatosha kumfanya mtu aonekane anajua habari za dunia. Alipenda sana neno "kimsingi". Kimsingi mvua itanyesha. Kimsingi huyu mtoto ana surua. Siku moja nyumba ya jirani iliungua, watu wanakimbizana na ndoo, Katibu akafika, akasimama mikono nyuma, akatutangazia kwamba kimsingi huo ni moto.

Na alikuwa anaogopa ng'ombe. Mkurya mzima, mwenye ndevu, anaogopa ng'ombe! Walisema alipigwa pembe utotoni, na mtu mwingine ningemwonea huruma. Lakini huyu ndiye aliyekuwa akituhutubia juu ya ufugaji bora. Ilipofika siku ya kuhesabu mifugo alisimama nje ya ua wa miiba, akiwa ameshika daftari, akamwachia mtu mwingine aingie zizini na kumpigia kelele za hesabu. Ndama mmoja akikohoa, Katibu alikuwa tayari ameshavuka njia.

Sitaki kuambiwa nimemwonea, kwa hiyo na mema yake niyataje upesi. Sukari ya duka la kijiji haikupita mlango wa nyuma wakati wake. Darasa la kisomo alilifundisha mwenyewe, na wanawake waliokuwa hawajui kushika kalamu wakaweza kuandika majina yao. Aliwahi kumbeba mama mjamzito kwenye baiskeli yake katika matope mpaka zahanati, akarudi amechafuka mpaka kwenye peni. Hayo ni kweli. Alikuwa mtu mwema kila mahali ambapo wema haukumnyima sifa.

Lakini kilichomjaza kichwa ni safari. Kabla ya safari alikuwa mtu wa kuchosha kama makatibu wengine. Baada ya safari hakuwa na dawa. Alikwenda mara moja tu, wiki tatu, kwa basi lililokodiwa, pamoja na wakulima bora wa wilaya yetu na wa Serengeti. Walizunguka nchi: Tanga na Bagamoyo, kisha Dodoma, kisha Tabora, wakarudi kwa njia ya Mwanza. Wiki hizo tatu tulizilipia kwa miaka. Ukibishana naye juu ya mbegu, juu ya choo, juu ya mtoto wako mwenyewe, alikukata kwa maneno yale yale: "Mimi nimetembea. Ninyi mmekaa." Na pale pale mbele yake alikuwa ameketi jirani yetu mzee, aliyepelekwa Burma kwa meli kupigana vita vya wazungu akarudi na risasi pajani. Yule mzee hakuwahi kutuchosha hata siku moja kwa habari za Burma.

Kwanza tulisimuliwa mbuga. Basi lilipita Mugumu kuwachukua watu wa Serengeti, likakata mbugani, na huko simba alilikaribia dirisha la Katibu, wakatazamana, simba akageuka. Tuliambiwa tuelewe kwamba simba alimheshimu.

Kisha jangwa. Jangwa lenyewe lilikuwa Ugogo. Kwa maelezo yake, ukianzia Dodoma ni mchanga mtupu, siku mbili huoni jani, na ngamia wanalala katikati ya barabara. Nimepita Dodoma mara nyingi tangu wakati huo. Nimeona vumbi, nimeona miiba, nimeona watu wakipalilia uwele wao kwa jasho, ngamia sijamwona. Wagogo wana ng'ombe wengi, tena wa kutosha kujaza barabara, na nadhani ndio waliomfanya afumbe macho.

Miji ya kale ilimpita kushoto na kulia. Bagamoyo, penye majumba ya mawe na makaburi ya watu wa zamani sana, alichokumbuka ni kwamba walipewa wali asubuhi. Tabora, walikopita misafara ya watumwa, alikumbuka kitanda cha chuma. Wanafunzi tulimwuliza kama aliona minyororo, akasema, "Kimsingi ipo."

Bahari ndiyo aliyoileta nyumbani. Alirudi na chupa ya soda imejaa maji ya bahari, imezibwa kwa gunzi. Akaiweka mezani kando ya redio, akawaita wakuu wa kaya mmoja mmoja wapanue midomo, akawadondoshea matone mawili kwa kijiko. Watu wazima wenye wajukuu walipanga foleni kulambishwa chumvi! Miezi ikapita, kila mgeni aliyefika kijijini alionjeshwa, na chupa haikupungua. Mkewe ndiye aliyetoboa siri kisimani: Katibu alikuwa akiongeza maji ya kijito na chumvi ya duka. Hakuona aibu. Alisema kinachotakiwa ni watu kuelewa bahari ilivyo, na wameelewa.

Sasa niseme ile nafasi ya safari ilikuwa ya nani.

Bibi yangu, Bhoke, alikuwa mjane ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwetu jambo hilo lina njia yake: mwanamke kama huyo hutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa na msichana huyo huwa wa nyumba yake. Huitwa nyumba ntobu. Bibi alimwoa mama yangu, tukazaliwa sisi. Nyumbani hapakuwa na mwanamume wa kutoa amri, wala hatukuona pengo. Katika daftari la kijiji, mahali pa mkuu wa kaya, palikuwa na jina la Bibi. Kahawa yake ilikuwa imekaa kwenye boma la zamani, penye samadi ya miaka na miaka, na mwaka ule Bwana Shamba alipopita kukagua hakuwa na la kujadili. Jina lililokwenda wilayani lilikuwa Bhoke.

Barua ikarudi. Mwalimu wa shule akaisoma mkutanoni: ziara ya mapumziko na mafunzo kwa wakulima bora. Akataja miji. Alipofika kwenye Tanga, na kwamba watatembelea mashamba ya mkonge, Bibi alisimama bila kuitwa.

Alikuwa na sababu. Mdogo wake wa kiume, ndugu pekee aliyebaki baada ya wazazi wao kufa, alilelewa na Bibi nyumbani kwa mumewe. Alipokuwa kijana alichukuliwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Aliagia pale pale langoni, akasema atarudi akipata ng'ombe. Mtu mmoja aliyerudi kutoka huko alileta salamu zake mara moja, kisha kimya. Bibi alizeeka akiisubiri ile ahadi. Ndiyo maana ilipofika amri ya kuhamia kwenye nyumba za mstari, yeye peke yake alikataa kuondoka. Aliwaambia mgambo, "Akirudi atanitafuta hapa. Hiyo mistari yenu haijui." Hawakumbomolea, kwa sababu kahawa yake iliwapa sifa wilayani, lakini kila mwezi Katibu aliulizwa kwa nini kijiji chake bado kina kaya moja porini.

Basi Bibi akasema mkutanoni, "Nitakwenda. Nimtafute mdogo wangu."

Katibu akasimama. Akasema kimsingi mwanamke hawezi kulala njiani wiki tatu katikati ya wanaume wasio wake.

"Barua imesema mkuu wa kaya," Bibi akamjibu. "Mimi nimeoa, mura. Nilitoa ng'ombe kumi na wawili nikaoa. Wewe ulitoa wangapi?"

Mura maana yake kijana, na Katibu alikuwa na mvi. Watu walicheka mpaka wengine wakashika matumbo, kwa maana kila mtu alijua ng'ombe wa Katibu walikuwa watano na mmoja alikuwa kilema. Hapo ndipo alipokasirika. Akatoa sababu ya pili: mtu ambaye hajahamia kijijini hawezi kuwakilisha kijiji. Hiyo haikuchekwa. Mgambo walikuwa wameketi mbele. Akamaliza kwa kusema kwamba ili nafasi isipotee, yeye atajitolea kumwakilisha Mama Bhoke. Neno hilo, kumwakilisha, alilisema polepole, kama mtu anayegawa nyama. Wale wale waliokuwa wakicheka wakanyoosha mikono kukubali. Namkasirikia Katibu, lakini na ile mikono naikumbuka.

Wilayani wakasema orodha imeshapigwa chapa, jina halibadiliki. Katibu akarudi akasema hakuna shida, atakwenda kwa jina hilo hilo. "Huko pwani nani anajua Bhoke ni jina la kike?" alituambia, akicheka. Alikuwa sahihi, Waswahili wa pwani hawajui majina yetu. Watoto tuliimba "Bhoke anapita" kila alipopita na baiskeli.

Siku moja kabla ya kuondoka, Bibi alimwita nyumbani. Nilikuwepo, nachambua maharage. Hakumgombeza. Alimpa kiti na uji, akamwambia, "Nenda, tata. Yaliyopita yamepita. Lakini ukifika kwenye mkonge, uliza habari za mdogo wangu. Ukimkuta, mwambie niko pale pale." Alimtajia jina lake, la baba yao, na la rika lake la tohara. Alimfanya ayarudie mara tatu. Kumwita tata, yaani baba, mtu aliyekuwa amemwita kijana mbele ya watu, kulimgharimu Bibi kuliko ile safari yenyewe. Katibu alivua kofia, akaapa.

Aliporudi alikuja kwetu kabla ya kwenda kwake, na hilo nilimhesabia kwa wema kwa miaka mingi. Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Kaa chini, Mama," akamwambia.

"Sema nimesimama."

"Alikufa. Siku nyingi. Ilikuwa homa. Watu wa huko walimpenda, wakamzika vizuri."

"Uliliona kaburi?"

"Nimelisimamia," Katibu akasema. "Dakika moja, kofia mkononi."

Bibi alinyoa kichwa. Akachinja dume kubwa, watu wakaja kula msiba wa mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona, na Katibu, kwa kuwa ndiye aliyeleta habari, alipewa paja zima. Alikula vizuri. Haikupita wiki mbili akarudi, safari hii na mgambo wawili waliokaa mbali kwa adabu. Akamwambia Bibi kwa sauti laini kabisa, "Sasa, Mama, hakuna wa kusubiriwa."

Tukahama. Bibi hakubisha hata neno moja, na mama yangu alisema hilo ndilo lililomtisha. Tulipewa kiwanja cha mwisho kwenye mstari wa tatu, udongo wa mawe. Kahawa ikabaki kule, ikaliwa na mbuzi, ikakauka. Kijiji kikasifiwa kwa kumaliza kuhamia. Bibi hakutajwa tena kwenye ukulima bora, na jioni alikaa ameipa barabara mgongo. Nilimwuliza kwa nini hageuki. Akasema, "Nigeuke nimwone nani?"

Hizo jioni alizokaa hivyo zilikuwa nyingi, za miaka tisa mizima. Alikufa nikiwa chuoni, nasomea ualimu mkoani Tanga. Nilirudi nikakuta udongo umeshakauka.

Mara ya mwisho nilimwona Katibu miaka miwili baada ya hapo, Nyamisangura, mjini Tarime. Nilikuwa nimekwenda kupanda basi la Musoma, nikakatiza mitaani kutafuta sabuni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya kiduka cha binti yake, anabambua karanga. Tawi lilikwishapata katibu mwingine siku nyingi. Peni hazikuwepo. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, na nilishangaa kuona sisikii lolote moyoni.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nikamwambia. Akaacha karanga.

"Wa nyumba ya Bhoke. Unafanya kazi wapi siku hizi?"

"Ni mwalimu. Nilisomea Tanga."

"Tanga." Akatazama mikono yake. "Ulifika kwenye mkonge?"

"Nilipita kwa basi."

Akabambua karanga mbili tatu. Nilikuwa naanza kuaga aliposema, "Nilimwona."

"Nani?"

"Yule mdogo wake bibi yako. Alikuwa hai."

Nilikaa kwenye gunia la chumvi la binti yake bila kuomba ruhusa. Alinisimulia bila kuniangalia, bila kimsingi hata moja. Wageni walipangwa mstari katika uwanja wa shamba la mkonge, wafanyakazi wakakalishwa upande wa pili. Mkuu wa msafara, mtu wa pwani, akasoma orodha, kila mmoja akitajwa anyooshe mkono. Akasoma: Bhoke, wa Tarime. Kabla Katibu hajanyoosha, mzee mmoja aliruka kutoka kule kwa wafanyakazi, vidole vimechanwachanwa na mkonge, akaja anakimbia, anasukuma watu, anaita kwa Kikurya, "Bhoke yuko wapi? Dada yangu yuko wapi?"

"Mkuu wa msafara akauliza, Bhoke ni nani hapa?" Katibu akasema. "Nikanyoosha mkono. Ningefanya nini? Wangenishusha kwenye basi, mwanangu. Mbele ya wilaya nzima."

"Yeye akasemaje?"

"Akanitazama. Akasema Bhoke ni jina la mwanamke. Watu wakaanza kugeuka, hata wale wa Serengeti. Nikamvuta pembeni, nikamwambia upesi, kwa Kikurya. Nikamwambia Bhoke unayemtafuta alikufa zamani. Mimi ni mtu wa nyumba ile, nilirithi jina lake."

"Akafanya nini?"

"Akakaa chini. Pale pale kwenye vumbi. Walimaliza kusoma majina, tukaenda kuona mitambo."

Binti yake alitoka na kikombe cha chai kwa ajili yangu, akaona sura zetu, akarudi nacho ndani. Nilitaka kumpiga Katibu. Nasema kama ilivyokuwa: nilimwangalia ile shingo yake nikatamani kuipiga. Miaka yote nilimdharau kwa ngamia na chupa ya chumvi, nikadhani ndiyo ukubwa wa uongo wake. Kumbe katika mapumziko ya wiki tatu alikuwa ameua watu wawili walio hai, kila mmoja machoni pa mwenzake, ili asipoteze kiti cha basi. Kisha akarudi akala paja.

"Nilitaka kumwambia," akasema. "Kila mwaka nilitaka. Lakini alikuwa ameshahama, wilaya imeshafurahi." Machozi yakamshuka, akayafuta kwa mkono wenye maganda ya karanga. "Sasa amekufa. Wewe ni mtu wa nyumba ile. Nisamehe kwa niaba yake, mwanangu. Sema tu umenisamehe kwa niaba yake."

Nikasimama, nikapangusa chumvi kwenye sketi.

"Bibi hakunituma," nikamwambia, nikaenda kupanda basi.